Mizani Ikasoma Vilevile

Ndia Kuu haipitiki kwa lori. Natanguliza hili kwa sababu jina lenyewe linadanganya. Kwa Kimvita ndia ni njia, kwa hivyo Ndia Kuu ni barabara kubwa, ile yenyewe, mama wa njia zote. Toka Fort Jesus, ingia Mji wa Kale, na utajikuta katikati ya nyumba za roshani za mbao, maduka ya vinyago, harufu ya udi, na mtu wa mkokoteni anayekupigia kelele umpishe kana kwamba amebeba figo ya mtu hospitalini. Tuktuk mbili zikikutana pabaya, moja lazima irudi nyuma, au madereva washuke wazungumze kama mabalozi. Hiyo ndiyo barabara kuu yetu.

Ami yangu aliendesha trela miaka ishirini na minane, kutoka Kilindini mpaka Malaba, Kampala, na mara mojamoja Kigali. Katika miaka yote hiyo lori lake halikuwahi kuiona nyumba yake. Aliliacha Miritini, akapanda matatu, akaingia Ndia Kuu kwa miguu na kichane cha ndizi za Uganda begani. Alikuwa mtu wa barabara kuu mbili zisizojuana.

Sasa amestaafu. Jioni hukaa barazani, pale muuza kahawa anapoweka buli lake juu ya makaa, na husimulia. Mimi najiita mhakiki. Nimesoma fasihi chuoni, nimekaa kwenye viti vya plastiki katika uzinduzi wa vitabu Nairobi nikipiga makofi kwa riwaya ambazo hata mwandishi wake alionekana kuchoka nazo, na wakati wote huo hatua arobaini kutoka mlango wa bibi yangu kulikuwa na mtu anayejua kujenga hadithi kuliko wengi wetu. Kwa hivyo nina deni. Lakini sikuja kumsifu tu. Kuna stori moja ya Ami ambayo nimeipenda tangu utotoni, nimeisimulia mimi mwenyewe kwa marafiki nikaiharibu, na imenichukua zaidi ya miaka ishirini kujua kwamba sikuwa nimeisikia.

Stori yenyewe ni hii. Naitoa kwa ufupi maana kuisimulia kama yeye siwezi.

Lori limepakia, linakwenda bara. Linafika mizani. Mizani gani? Ukimuuliza atakwambia, "Mizani ni mizani, mwanangu." Linapanda, namba zinawaka, na uzito umezidi. Umezidi kiasi gani? Nimesikia kilo ishirini, nimesikia arobaini, na usiku mmoja wa Ramadhani, baada ya kaimati nyingi, ilikuwa kilo mia moja na kumi. Anaambiwa arudi nyuma apunguze. Apunguze nini, na kontena limefungwa kwa lakiri ya forodha? Anamgeukia tanboi wake (ndugu zetu wa Tanzania humwita utingo), kijana wa Rabai, mwembamba kama ufito. Wanaanza kushusha vitu: jeki, gurudumu la akiba, mtungi wa maji, jiko, godoro la kebini. Wapi. Ndipo tanboi anapokumbuka kikapu. Mke wa Ami alikuwa amefunga masurufu ya kupelekea jamaa wa Nairobi: mahamri, mbaazi, samaki wa kukaanga, embe, nazi. Kijana anakitazama kikapu, anamtazama Ami, na hapa Ami hubadilisha sauti, inakuwa nyembamba, sauti ya mtu aliyeshukiwa na akili kubwa kwa ghafla:

"Bosi, tukile."

Basi wanakula. Sehemu hii huchukua nusu ya hadithi. Ami anayahesabu mahamri moja moja. Anaeleza jinsi tui lilivyoganda juu ya mbaazi, jinsi kijana alivyovunja nazi kwa spana, jinsi embe lilivyomchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Ukimharakisha anarudi nyuma na kuongeza samaki mwingine. Wanakula mpaka pumzi zinakuwa fupi. Wanajifuta midomo. Wanapanda gari wakiwa na hakika kabisa.

"Mizani ikasoma vilevile."

Hapo baraza huanguka. Kuna mzee mmoja hupiga goti lake kwa kofia kila mara, na ameisikia labda mara sitini. Ami hacheki. Anasubiri kelele zitulie, halafu anatoa mkia wa hadithi kwa sauti ya chini, kama jambo alilokuwa karibu kulisahau. Askari akaja kutazama, akaona samaki mmoja amebaki. Afande, karibu. Afande akala samaki, akala na mahamri mawili yaliyokuwa yamefichwa chini ya kiti. Wakapima tena.

"Mizani ikakubali. Na wajua kwa nini?" Anapuliza kahawa. "Yeye hakupanda gari."

Nianze na huo mkia, kwa sababu ndio unaowapendeza wasomi kama mimi. Hakuna neno rushwa pale, wala kitu kidogo, wala mlungula. Kuna hesabu tu. Chakula kikiingia tumboni mwa dereva, uzito uko palepale. Kikiingia tumboni mwa afande, uzito umeshuka garini. Ni fizikia ya darasa la sita, na ni maelezo kamili ya namna mizigo inavyosogea katika nchi nyingi tu. Mwandishi wa makala ya gazeti angehitaji kurasa mbili na hasira nyingi. Ami anahitaji samaki mmoja.

Halafu kuna neno la zamani linalozunguka chini ya stori hii bila kutajwa: hongo. Leo tukisikia hongo tunawaza trafiki na noti iliyokunjwa ndani ya leseni. Lakini katika karne ya kumi na tisa hongo ilikuwa ushuru wa njia, vitambaa na shanga ambazo msafara ulimpa mtemi wa mahali ili upite. Soma masimulizi ya safari ambayo Carl Velten aliyachapisha mwaka 1901 kwa jina la Safari za Wasuaheli, au maisha ya Tippu Tip kama alivyoyaeleza mwenyewe, utaona ni kitu kilichohesabiwa kama posho na maji. Ni vitabu vya kituo hadi kituo: tuliondoka hapa, tukalala pale, tukatoa kiasi hiki, tukapita. Katika kile cha Velten yumo hata Salim bin Abakari, aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896 na kueleza baridi ile kwa Kiswahili. Nikisoma vile vitabu namsikia Ami. Si kwa sababu Ami amevisoma, hajavisoma, bali kwa sababu Kiswahili kimekuwa na mtu wa aina hii muda mrefu sana: anayekwenda bara kwa kazi ya mali ya mwingine, anarudi pwani, anakaa, anasimulia vituo. Tofauti ni kwamba mtu wa msafara husimulia ili umwone mkubwa. Dereva husimulia ili umwone mjinga.

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya utani wa madereva, na naomba uishike. Msimulizi ndiye anayeshindwa. Nimekaa kwenye baraza lile na madereva watatu wanne, wastaafu na walio kazini, na sijasikia hata mmoja akisimulia alivyomshinda mtu. Mmoja aliibiwa viatu na nyani karibu na Mtito Andei akaendesha mpaka Nairobi kwa soksi. Mwingine alisalimiana dakika tano na mtu kando ya barabara kule Maungu, usiku, akamsifu kwa upole wake, kulipokucha akaona ni gunia la makaa lililovishwa kofia. Mji mzima wa Mlolongo umepata jina lake kutokana na foleni ya malori yaliyokuwa yakisubiri mizani. Fikiria hilo kidogo: watu walisubiri mpaka kusubiri kwao kukawa mji, wenye maduka na misikiti na makanisa. Hakuna dereva anayeona ajabu. Ni kichekesho chao cha kawaida kilichopata ramani.

Ndiyo maana zile klipu za wachekeshaji wa mjini zinanichosha. Unazijua. Kijana amevaa fulana yenye matobo, ana kijiti cha meno mdomoni, anaigiza lafudhi ya pwani ambayo hakuna mtu wa pwani anayo, na kila kituo ana mke. Ndicho kichekesho chote: ana mke Voi, ana mke Salgaa, simu inaita, amechanganya majina. Yule ni mshindi, si dereva. Na utani ule una historia mbaya ambayo nadhani wachekeshaji wenyewe hawaijui. Miaka ya 1990 madereva wa masafa marefu wa barabara hii walikuwa miongoni mwa watu waliopimwa na kuandikwa sana katika tafiti za UKIMWI. Huenda tafiti zilihitajika. Sibishani na madaktari. Lakini dereva alitoka mle akiwa si mtu tena, bali njia ambayo ugonjwa hupitia. Klipu za leo zinachekea mabaki ya hilo bila kujua. Mke wa Ami alionyeshwa moja na mjukuu wake. Aliitazama mpaka mwisho, akarudisha simu, akasema, "Huyu hajawahi kungoja mtu."

Kuna klipu nyingine ninazozipenda, wanazojirekodi madereva wenyewe, simu imesimamishwa juu ya dashibodi. Nzuri zaidi ni zile ambazo hakuna linalotokea. Mtu anasonga ugali kwenye jiko dogo kando ya gurudumu, mvua inapiga turubai, anaonja mboga, anaongeza chumvi, anasema "haya" na kuzima simu. Ukizitazama nyingi mfululizo utaona zina kitu kilekile cha baraza: hawajioneshi, wanatoa taarifa. Nipo. Nimekula. Kilichokosekana ni mtu wa kukudakia maneno. Kwenye simu hakuna mzee wa kupiga goti kwa kofia, na dereva asiyedakiwa hurefusha pasipostahili.

Turudi kidogo kwenye maandishi ya malori yenyewe, maana huwezi kuandika habari hizi ukayaruka. Matatu zimepata wasomi wake: Mbugua wa Mungai ana kitabu kizima kuhusu watu wa matatu za Nairobi, Kenda Mutongi ana historia yake ya mwaka 2017. Kanga nazo zimeandikiwa sana. Lori husomwa na yule aliye nyuma yake tu, na humsoma akiwa na hasira. Hapo ndipo utamu ulipo. "Haraka haraka haina baraka" kwenye ukuta wa darasa ni methali imechoka kabisa. Iweke nyuma ya trela lenye magurudumu ishirini na mbili linalopanda mlima kwa mwendo wa kobe, na wewe uko nyuma na gari dogo, umechelewa harusi, unachungulia kama utapita: sasa methali inakuhusu wewe binafsi, na ikikosewa inaua. Bi mmoja wa Mtaa wa Biashara, aliyeuza leso maisha yake yote, aliniambia nilipomtajia hili kwamba si jipya. Jina la leso nalo hukaa chini, nyuma, alisema. Aliyeandikiwa hulisoma mwenye leso akiwa ameshampita. Sikuwa nimeliona. Leso na lori ni fasihi ya mgongo. Zote mbili humsemesha mtu aliyeachwa.

Na kuachwa ndiko kulikonipeleka kwenye jambo ninalotaka kusema hasa.

Miaka michache iliyopita nilianza kuandika stori za Ami kwenye daftari, kila moja na mahali pake. Nilikuwa na wazo la ramani. Nilidhani itakuwa kitu cha kupendeza kwa gazeti kama hili: vichekesho vya barabara ya Mombasa mpaka Malaba, nukta kwa nukta. Nukta zilijaa haraka. Mariakani, Maungu, Voi, Tsavo. Hapo Tsavo ndipo penye ule utani wake wa simba, wa kuanzia mwaka 2018 treni mpya ilipoanza kubeba mizigo, na uliokolea zaidi Agosti 2019 serikali ilipoagiza mizigo ya bara ipande reli, Mombasa ikaandamana. Ami alikuwa akisema wale simba wawili wa 1898, waliokula wajenzi wa reli ya kwanza, tumewaonea bure kwenye vitabu. "Wale walikuwa watetezi wetu. Waliona mbali." Ni utani mchungu, na kulikuwa na vijana barazani waliokuwa wameshapoteza kazi, wakacheka kwa namna ambayo usingependa kuisikia mara mbili.

Mtito Andei, Emali, Mlolongo. Nairobi haina kitu. Nairobi kwao ni mahali pa kupita usiku. Naivasha, Gilgil. Kisha nikaruka mpaka Webuye, Bungoma, na Malaba kumejaa tena. Malaba ndiko alikokwama Mei 2020, safari yake ya karibu na mwisho, foleni ya malori imefika makumi ya kilomita na kila dereva anasubiri jibu la Korona. Sisi huku Mji wa Kale tulikuwa tumefungiwa, hakuna kutoka wala kuingia, na ilikuwa Ramadhani. Yeye kafungiwa nje, sisi tumefungiwa ndani. Alipiga simu kila magharibi tukiwa na tende mkononi. "Wameningiza kijiti puani," alisema siku ya nne, "wakakiangalia, wakasema subiri. Kijiti kimeshavuka mpaka. Mie bado." Bibi yangu alicheka mpaka akapaliwa. Baadaye niligundua kwamba ile ndiyo njia aliyotumia kutuambia hana pesa ya chakula; mkewe alielewa papo hapo, akatuma.

Sasa tazama ramani. Gilgil, halafu Webuye. Katikati pana Nakuru, Salgaa, Sachangwan, Mau Summit, Timboroa, Burnt Forest, Eldoret. Kwa lori ni safari ya karibu siku nzima. Miaka ishirini na minane, na hana kichekesho hata kimoja. Salgaa, ambako malori hulala kwa mamia! Mahali ambapo madereva wengine wana stori mpaka unawaomba wanyamaze!

Nilimuuliza. Akasema, "Kule ni baridi," akaomba kahawa nyingine.

Mhakiki mzuri angejua hapo hapo. Mimi nilikwenda nikaandika kwenye daftari, "baridi: hali ya hewa kama kikwazo cha utani?" Naona aibu kuiandika sentensi ile hapa lakini ndiyo niliyoiandika.

Aliyenieleza ni mkewe, na hakunieleza kama siri. Alikuwa akipepeta mchele mlangoni, sauti ya Ami inafika kutoka barazani, amefika kwenye samaki, na mimi nikasema kwa ulimbukeni wangu kwamba sehemu ya kula ni ndefu mno, kimuundo, na ingefaa kukatwa.

"Wewe wadhani yuwatekesha watu?" akasema. Hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Yuwamlisha."

Kijana wa Rabai alikufa mwaka 2004, mteremko wa Salgaa, siku moja baada ya ile mizani. Kikapu ni cha kweli. Mahamri ni ya kweli, aliyapika yeye. Sijui kama walikula ili kupunguza uzito au walikula tu kwa sababu walikuwa na njaa na ni vijana. Hata yeye hajui. Anachojua ni kwamba kule mteremkoni lori lilikuwa limetolewa gia. Ilikuwa desturi, na wengi walifanya hivyo: unatoa gia, lori linashuka kwa uzito wake, dizeli haiungui, na ile iliyobaki ni yako. Ukitoa gia injini haikushiki tena. Zinabaki breki peke yake, na breki zikipata moto hazisikii mtu. Ami aliyetoa gia alitoka na mkono uliovunjika. Kijana aliruka.

Nimeishi na jambo hili tangu wakati ule, na sitaki kulifanya kuwa zuri kuliko lilivyo. Ni rahisi sana kwa mtu wa kazi yangu kusema: tazama jinsi utani unavyobeba msiba. Ningeweza kumtaja Muyaka bin Haji, mshairi wa mji huuhuu, aliyeliteremsha shairi mpaka kwenye mambo ya mtaani, nikamalizia kwamba Ami ni mrithi wake. Wasomaji wangependa. Lakini nina shaka mbili.

Ya kwanza ni sheria ile niliyoisifu. Msimulizi ndiye anayeshindwa. Katika stori ya mizani Ami ni mjinga mpole anayekula mahamri kwa wazo la mtoto. Ujinga ule unatusahaulisha kwamba ndiye aliyekuwa na usukani. Mtu akijicheka vya kutosha hakuna anayebaki na nafasi ya kumuuliza swali. Nimeanza kusikiliza stori zote za baraza kwa sikio hilo, na si zote zinazopona. Yule wa viatu na nyani: kwa nini alikuwa amelala kando ya barabara saa nane mchana? Kwa sababu alikuwa ameendesha saa ishirini mfululizo. Tumecheka soksi.

Ya pili ni hadhira. Stori hii imesimuliwa Ndia Kuu labda mara mia. Imesimuliwa Malaba, imesimuliwa kwa mahujaji, mimi nimeisimulia kwenye baa moja ya Westlands kwa watu waliokuwa wakitazama simu zao. Rabai, kwa kadiri mkewe anavyojua, haijasimuliwa. Pale ni karibu. Ni matatu mbili. Kuna mama pale ambaye mwanawe anashiba kila jioni mbele ya watu asiowajua, na yeye hajaalikwa. Kama ni kumlisha, basi ni karamu iliyopigwa nyumba nyingine.

Sijamwambia Ami haya. Si kwa hekima. Naogopa tu.

Lakini kuna toleo moja zaidi la stori, na mhakiki lazima atoe ushahidi wote. Tarehe 30 Juni 2023 lori la kontena lilishindwa kusimama pale njia panda ya Londiani, likapita juu ya wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara. Walikufa watu zaidi ya 50. Ni barabara za upande uleule, si mbali na Sachangwan, ambako mwaka 2009 tangi la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka na kuua zaidi ya mia moja. Picha za Londiani zilikuwa kwenye simu ya kila mtu. Jioni iliyofuata baraza lilijaa lakini hakuna aliyezungumza sana. Mtu alizungusha tasbihi, muuza kahawa aligonganisha vikombe vyake kwa mazoea. Mwishowe kijana mmoja wa tuktuk, labda kwa kutaka kutuokoa, akasema, "Mzee, tupe ya mizani basi."

Nilitaka kumziba mdomo. Ami aliweka kikombe chini.

Alianza kama kawaida. Lori limepakia. Mizani. Uzito umezidi, safari hii hakusema kilo ngapi. Walishusha jeki, wakashusha gurudumu la akiba, wakashusha mtungi. Wapi. Sote tukangoja kikapu, na mzee wa kofia alikuwa ameshaivua ameishika mkononi.

"Nikamwambia yule kijana, shuka," Ami akasema. "Shuka wewe. Ni wewe uliozidisha. Panda matatu urudi kwenu, mie n'takwenda peke yangu."

Hakuna aliyecheka. Yule wa tuktuk akatutazama mmoja mmoja, akidhani amekosa mahali.

"Akashuka?" akauliza.

"Akashuka."

"Na mahamri?"

"Nikampa kikapu chote."

Muuza kahawa alimjazia kikombe bila kuulizwa. Ami alikitazama kikombe, akageuka upande wa Fort Jesus, ambako mtu wa mkokoteni alikuwa anakuja akipiga kelele tumpishe, na sote tukavuta miguu.

"Nikapanda mizani," akasema. "Ikakubali."